Kuunga na Kuungana

Tulimwacha Daktari jikoni, pasi ya moto mkononi, akimsikiliza mtu anayegonga mlango wa nyuma.

Mlango huo haugongwi. Waandishi wa habari wamejaa mbele, getini, na viti vyao vya kukunja na chupa zao za chai. Majirani hupiga simu kwanza. Mlango wa jikoni ulikuwa wa mume wake, aliyepita hapo kila jioni na viatu vya tope mkononi, na tangu azikwe umekuwa ukifunguliwa na mtu mmoja tu, tena kutoka ndani.

Barua zenu nimezisoma. Wapo waliosema aliyegonga ni mtu wa chama cha Taa, kaja na bahasha. Wapo waliosema ni Katibu wa Daraja, kaja na vitisho. Msomaji mmoja ameniapia kwamba ni yule mume, hakufa, alijificha. Pole sana, ndugu yangu. Mume amekufa kabisa, na ndiyo maana nyumba hii ina kimya namna hii.

Daktari aliisimamisha pasi. Akafungua.

Alikuwa mwanamume wa makamo, asiyemjua. Suruali yake ilikuwa imejaa miba ya ua wa jirani. Mikono yake miwili alikuwa ameiinua kifuani, si kama mtu anayejisalimisha, bali kama mtu aliyezoea kuiweka inapoonekana.

"Samahani, Mheshimiwa," alisema. "Mimi si mwandishi wa habari. Mimi ni yule wa kwenye kona ya televisheni."

Daktari hakumwelewa. Mgeni akachora kiduara hewani, chini, upande wa kulia.

"Yule mdogo," alisema. "Anayepunga mikono."

Mkalimani wa lugha ya alama. Daktari alikuwa amemwona kwa miaka bila kumtazama, kama wengi wetu.

Akamkaribisha, na hapo ndipo alipogundua kwamba jikoni kwake kuna kiti kimoja. Kingine alikuwa amekihamishia chumbani kutundikia nguo, hakumbuki lini. Akaenda kukichukua, akakipakua nguo, akarudi nacho. Mgeni alikuwa bado wima, ameikodolea macho pasi isije ikaangukia koti.

"La kesho?" aliuliza.

"La kesho."

Nchi nzima ilijua kesho kuna nini. Lakini kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kulishika gazeti hili, nisikuache nyuma.

Uchaguzi ulikwisha bila mshindi. Chama cha Daraja, kinachoongozwa na Mhandisi, kilipata viti vingi kuliko vyama vingine, ila kilipungukiwa na kiti kimoja kuweza kuunda serikali. Taa, wapinzani wake wakuu, waliapa kutokaa naye meza moja. Kikabaki kiti cha Daktari, daktari wa mifugo, mbunge pekee wa chama kidogo cha Mbegu, chama kilichozaliwa siku zahanati za mifugo zilipoanza kufungwa vijijini. Mtu mmoja, kiti kimoja, na serikali nzima inaning'inia hapo.

Wanachama wa Mbegu walikutana wakampa agizo fupi: muunge mkono Mhandisi, lakini usiungane naye.

Maneno hayo ni ndugu, lakini hayalali nyumba moja. Akimuunga mkono, Daktari anabaki nje ya serikali. Anampa kura yake kwenye bajeti, anampa kura yake siku wapinzani wakitaka kumwangusha, na mambo mengine yote anapiga kura kama wanachama wake wanavyotaka. Akiungana naye, anaingia serikalini, anapewa wizara, na kuanzia siku hiyo Daraja wakinyoosha mkono, naye ananyoosha. Jina la Mbegu linafutwa kwenye orodha ya vyama bungeni. Na katika mipango ya Daraja, zahanati zilizobaki zitauzwa.

Daktari aliahidi. Halafu Ijumaa, mbele ya kamera zote, aliulizwa mazungumzo yamefikia wapi, akajibu, "Tumeungana."

Ni neno moja tu, lakini kabla hajafika nyumbani lilikuwa limeshafika kila mahali. Daraja walicheza barabarani, na kusaini mkataba mbele ya kamera kukapangwa kuwa kesho. Wanachama wa Mbegu walichoma fulana zao. Na wifi yake, dada wa marehemu mume wake, ambaye ndiye mwenyekiti wa Mbegu, alipiga simu kusema kitu kimoja.

"Hongera kwa ndoa, wifi. Hata posa hatukuiona."

Akakata. Tangu hapo simu ya Daktari ililia kutwa, lakini hakupiga mtu yeyote wa kwao.

Sasa turudi jikoni.

Mkalimani alikaa ukingoni mwa kiti. Alieleza kwamba kabla ya kutafsiri tangazo lolote husoma kwanza. Alikuwa amelisoma agizo la Mbegu na kuandaa alama zake. Akamwonyesha. Kuunga mkono: ngumi moja, na kiganja cha pili kinaiinua kutoka chini. Kuungana: vidole viwili vinanasana kama kulabu. Mtazamaji hawezi kuzichanganya, hata akiwa mbali.

"Ukasema tumeungana," alisema, "na mimi nikafanya hivi."

Akainua ngumi juu ya kiganja.

Kwa hiyo Ijumaa ile nchi ilipata matangazo mawili. Wenye masikio walisikia kuungana. Viziwi waliona kuunga mkono. Asubuhi yake viziwi wakaanza kuuliza kituo cha televisheni mbona magazeti yanadanganya, na kituo kikatafuta aliyedanganya, kikampata yeye. Mkuu wake alikuwa ameshampa barua. Angefanya kazi ya kesho kwa sababu hawana mwingine, na baada ya hapo akabidhi kitambulisho.

"Nimemwaga unga, Daktari," alisema, "kwa sababu ya kuunga."

Daktari alicheka. Kicheko kilimtoka ghafla, kikakwaruza njiani kama bomba lililokaa bila maji. Akajifuta macho kwa mkono wa gauni. Kisha akauliza kwa nini alifanya alama ile hali neno alilisikia vizuri.

Mkalimani alisema alilisikia, lakini kwa mazoea ya kazi yake huangalia mikono. Ya Daktari ilikuwa mezani, mkono mmoja umeushika mwenzake kwa nguvu, vidole vimekuwa vyeupe. Alikuwa na muda wa kupepesa jicho tu kuamua. Akaamua kwamba mtu aliyekwisha kuungana na watu asingekuwa amejishika vile.

"Naweza kuwa nimekosea," alisema. "Ndicho nilichokuja kuuliza. Ulimaanisha nini? Ukiniambia ulimaanisha ulichosema, basi kosa ni langu, nitaondoka nalo kwa ua huohuo."

Daktari alishika tena pasi. Ilikuwa imepoa.

"Nilimaanisha nilichosema," alijibu.

Mgeni alitikisa kichwa taratibu, akasimama, akashukuru kwa kiti. Hakukuwa na lawama usoni mwake, na hilo ndilo lililomchoma Daktari. Angekuwa mkali kidogo, angemfukuza.

Mlangoni mgeni aligeuka. Alisema kuna jambo lingine, dogo, si lazima alijibu. Mama yake ni kiziwi. Ni fundi wa nguo, anashona kwenye baraza moja na mafundi wengine, na ana marafiki wawili tu duniani, wote wa hapohapo kwenye cherehani. Ijumaa aliona televisheni. Jumamosi mafundi walipomwonyesha gazeti, alikataa katakata. Aliwaonyesha ngumi na kiganja, ngumi na kiganja, mpaka wakaanza kumwigiza na kucheka. Alilipiga gazeti kwa kandambili. Tangu siku hiyo haendi barazani. Anashonea chumbani, uso kwa ukuta.

"Nataka kujua nimwambie nini," alisema. "Nikimwambia nilikosea, atakubali. Lakini ataacha kuniamini, na hana mwingine anayemsemea."

Daktari alimwambia arudi akae.

Wasomaji, mazungumzo ya kuunda serikali si kama tunavyoyaona kwenye picha, watu wanapeana mikono na kutabasamu. Ni chumba chenye meza ndefu na dirisha lisilofunguka. Upande mmoja walikaa Daraja: Mhandisi, Katibu wake, mwanasheria, mtu wa bajeti, mtu wa kuchunga wabunge wao wasitoroke, na mwingine ambaye Daktari hakuwahi kujua kazi yake, ila alikula biskuti zote. Upande wa pili alikaa Daktari.

Jambo likiwa gumu, utaratibu ni kwamba upande mmoja unaomba mapumziko ukashauriane. Daraja wakiomba, walikwenda chumba cha pili, na kupitia ukutani zilisikika sauti, mabishano, mtu akipiga meza, halafu kicheko cha wote. Akiomba yeye, alitoka na kusimama kwenye korido, mbele ya dirisha linalotazama maegesho ya magari. Alishauriana na dirisha. Baada ya muda wa kutosha kuonekana kama mkutano, alirudi na kusema, "Tumeshauriana. Tunaona hivi."

"Hakuna aliyecheka," alimwambia mkalimani. "Laiti wangecheka. Walikuwa wananingoja kwa heshima, kama mtu anayesali."

Siku ya Ijumaa Mhandisi alimfuata kule koridoni. Hakugusa siasa. Aliuliza kama amekula. Akamwingiza chumba cha pili, na watu wa Daraja wakaondoa mikoba yao kwenye kiti ili apate pa kukaa. Mtu wa bajeti alimwigiza Spika anavyopiga chafya, wakavunjika mbavu. Mtu wa biskuti akamsogezea chumvi kabla hajaomba. Toka chumba kile walitoka kundi moja, bega kwa bega, wakakuta kamera.

"Sikudanganya," Daktari alisema. "Neno lile lilikuwa kweli wakati ninalitoa. Nilikuwa sijaungana na chama. Niliungana na chakula cha mchana."

Mkalimani aliinamisha macho, akaanza kuchomoa miba kwenye suruali, mmoja mmoja, akiipanga mezani.

Simu ikalia.

Alikuwa Mhandisi mwenyewe. Sauti yake ilijaza jikoni, ya uchangamfu, sauti ya mtu aliyejenga madaraja kweli kabla ya kujenga chama chenye jina hilo. Alimwita dada, akamwambia asiwe na wasiwasi, Wizara ya Mifugo ni yake, jina limeshaandikwa mlangoni. Baada ya kusaini kesho wote wanakwenda kula nyumbani kwake, mke wake amekataa msaada wa wapishi.

Daktari alishukuru. Kisha akauliza kuhusu mkalimani wa televisheni.

Mhandisi alisema hilo limekwisha. Kituo kitatangaza kesho kwamba mkalimani alikosea. Ni mtu mdogo, watamtafutia kitu mahali.

"Na kama si yeye aliyekosea?" Daktari aliuliza.

Uchangamfu ukazimika. Hakupandisha sauti. Ningependa kuwaambia kwamba alikuwa mtu mbaya, hadithi ingekuwa rahisi, lakini hakuwa.

"Dada, nisikilize. Nina wabunge wangu wanaotafuta sababu moja tu ya kuhamia Taa. Nimewatuliza kwa neno lako. Nimewaambia kwamba sasa sisi ni kitu kimoja, kura yetu haiyumbi. Ukibadili ukasema utaniunga mkono ukiwa nje, wataona kila bajeti nakuja kukupigia magoti. Watanikimbia. Nitarudisha kazi hii niliyopewa ya kuunda serikali, uchaguzi utaitishwa upya, na wewe hutarudi bungeni. Watu wako wameshachoma fulana. Watu wangu watasema umewasaliti. Utakuwa huna kwenu popote."

Kisha akaongeza kwa upole, na huo upole ndio uliokuwa na makali, "Kwetu hutakula peke yako."

Daktari aliiweka simu mezani, karibu na safu ya miba.

Mkalimani alikuwa amesikia kila neno; Mhandisi si mtu wa kunong'ona. Alisimama, akasema tafadhali asifanye lolote kwa ajili yake. Kazi zipo. Na mama yake ni mgumu kuliko anavyoonekana.

"Ila nina ombi la kazi," alisema. "Kesho utakachosema ni juu yako. Sema hili au sema lile. Lakini sema polepole. Ijumaa ulikimbia, nikabaki kukisia. Nikimaliza neno, utaona mikono yangu inashuka. Hapo toa jingine. Nataka siku yangu ya mwisho niondoke bila kukisia."

"Nitasema polepole," Daktari alisema.

"Unaahidi?"

"Naahidi."

Hiyo tu. Hakuahidi kumwokoa. Hakuahidi kusema kweli. Usiku ulipofika alikuwa bado hajui atasema nini, na alilala, maana hata wenye serikali mkononi hulala.

Asubuhi, kabla ya gari la Daraja kuja kumchukua, alijikaza akampigia wifi yake. Alisema ukumbini wametenga viti vya Mbegu, safu nzima. Je, watakuja?

"Mwanamke aliyetoroshwa haaliki wageni, wifi."

Daktari alitaka kumwambia habari za korido na dirisha. Alitafuta pa kuanzia. Wifi alisubiri, akimsikia anavyopumua. Yeye na huyu wifi walimzika mume pamoja. Mwisho wifi ndiye aliyesema, kwa sauti iliyopungua ukali kidogo, kwamba ana maziwa jikoni yanamwagika, akakata.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Upande wa Daraja watu walikaa wawili wawili kiti kimoja. Safu ya Mbegu ilikuwa tupu kutoka mwanzo hadi mwisho, na mhudumu mmoja, kwa nia njema, alikuwa ameweka chupa ya maji mbele ya kila kiti.

Meza ya kusaini ilikuwa jukwaani. Mhandisi alimvutia kiti Daktari, akamwuliza taratibu kama amekunywa hata chai. Katibu aliinama sikioni pake na kumweleza utaratibu: atasema sentensi moja, kwamba Mbegu na Daraja wameungana, kisha atasaini, kisha makofi. Asihangaike na mengine.

Pembeni, kwenye kijukwaa kidogo chini ya taa yake peke yake, alisimama mkalimani. Alivaa shati jeusi ili mikono ionekane. Aliiweka tumboni, ikatulia. Hakumtazama Daktari kwa kumsihi. Alimtazama kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake, tayari.

Kipaza sauti kikasogezwa.

"Ijumaa," Daktari alisema.

Akangoja. Mikono ya mkalimani ikaenda, ikashuka.

"Ijumaa nilisema Mbegu imeungana na Daraja."

Vidole viwili vikanasana kama kulabu. Safari hii havikukisia. Upande wa Daraja walianza kupiga makofi, wakidhani imekwisha. Daktari aliyangoja makofi yaishe, kisha aliingoja mikono.

"Neno hilo lilikuwa langu. Wanachama hawakunituma kulisema."

Makofi ya mwisho yalikufa mkononi mwa mtu mmoja kule nyuma. Mhandisi aligeuza kichwa. Katibu akaanza kuinuka.

"Mkalimani hakukosea. Nilikosea mimi."

Hapo mikono ile ilikwama. Mkalimani aliyetafsiri kila mtu nchini, mawaziri na majaji na watabiri wa hali ya hewa, alisimama na viganja hewani, hawezi kujitafsiri mwenyewe. Daktari alimngoja. Ukumbi ulianza kuvuma. Katibu alifunika kipaza sauti kwa kiganja. Daktari akakitoa kile kiganja bila hasira, kama anavyotoa mdomo wa ndama kwenye chupa tupu, akaendelea kungoja, mpaka mkalimani alipoyasema kwa mikono, mafupi, kifuani pake.

Mhandisi alisogea karibu. Mdomo wake haukufunguka sana.

"Dada, bado naweza kuliokoa. Nitasema umechoka. Lakini malizia sasa hivi, nipe kitu cha kuwashikia watu hawa, kabla sijasimama."

Na kitu hicho Daktari alikuwa nacho. Alikipata asubuhi ile, kati ya simu ya wifi na honi ya gari. Kilikuwa sentensi moja. Atampa Mhandisi kura yake ya bajeti, miaka yote ya bunge hili, na kura yake siku ya kuangushwa, mbele ya nchi nzima, bila wizara, bila kubembelezwa. Mhandisi asingehitaji kupiga magoti kwa mtu. Hiyo ingeweza kuwatuliza hata wale wenye mguu mmoja Taa. Sentensi ile ikisemwa upesi, kwa pumzi moja, ingemkuta mtu huyu bado amekaa.

Daktari alitazama pembeni. Mikono ya mkalimani ilikuwa ndiyo kwanza inashuka.

"Mbegu," alisema.

Akangoja.

Mhandisi alisimama. Kiti chake kilikwaruza sakafu, na kwa ishara hiyo upande mzima wa Daraja ukasimama naye. Kamera ziligeuka kwa pamoja, kama kundi la ndege. Katibu alikusanya kalamu.

"Mbegu itamuunga mkono Mhandisi."

Ngumi juu ya kiganja, kiganja kinainua. Mkalimani aliifanya alama ile juu kidogo kuliko kawaida. Mhandisi alikuwa ameshashuka jukwaani, mgongo wake mpana unapita katikati ya safu. Mtu wa bajeti alimtazama Daktari mara moja, akataka kusema kitu, akafuata wenzake. Mtu mmoja alimpigia Daktari kelele kwamba ni msaliti. Mwingine alimwambia aende kwao.

Moyo ulimwambia kimbia. Yaseme yote, umpigie ukelele mgongoni, bajeti, kura, bila wizara, yaseme kabla hajafika mlangoni. Yule pale alikuwa ndiye mtu wa mwisho aliyemwuliza kama amekula.

Daktari aliishika meza.

"Kwa kura yangu ya bajeti," alisema.

Mikono ilikwenda. Mhandisi alikuwa amefika safu ya Mbegu, anapita kando ya chupa za maji ambazo hakuna aliyezifungua. Kamera zote zilikuwa naye, isipokuwa moja, ile ndogo inayomtazama mkalimani, ambayo haina ruhusa ya kugeuka.

Mikono ikashuka.

"Na kwa kura yangu ya imani."

Mlinzi alimfungulia Mhandisi mlango. Mwanga wa nje uliingia mpaka jukwaani. Mhandisi aliweka mkono kwenye fremu na kusimama, hageuki, pengine anasikiliza, pengine anawapisha wapiga picha. Maneno yaliyobaki yalikuwa mawili tu, "bila wizara", na ndiyo mazito kuliko yote.

Mkalimani alikuwa bado katikati ya neno la nyuma. Jasho lilimshuka kwenye shingo. Daktari alifumba mdomo na kumsubiri amalize.